Dawa ya Jino ni Kung'oa: Nani Alikudanganya?

Jumamosi iliyopita nilinunua hindi la kuchoma pale stendi. Hindi lenyewe la maana, limeiva polepole kwenye mkaa, limesuguliwa ndimu na pilipili, harufu inamfuata kila anayepita. Unajua nililila vipi? Kwa kidole gumba. Napukuchua punje nne tano kiganjani, nazitupia kinywani, nazisukuma kwa ulimi hadi upande wa kulia ambako bado kuna magego mawili yanayokutana. Kuku anakula mahindi kwa heshima kuliko mimi.

Mama muuza mahindi akaniangalia kwa huruma. "Baba, nikupukuchulie?"

Nina miaka 51. Sina mjukuu hata mmoja. Tayari napukuchuliwa mahindi.

Usinicheke. Kabla hujacheka, pitisha ulimi wako kule nyuma. Chini kushoto. Haya, sasa chini kulia. Umekuta mapengo mangapi? Na lile ambalo bado lipo lakini hulitafunii kitu, lile ambalo maji ya friji yakiligusa unafumba jicho moja, hilo nalo umelihesabu?

Basi sogea, tukae mkeka mmoja. Msiba ni wetu sote.

Tunao msemo: dawa ya jino ni kung'oa. Tunautumia kwa kila kitu. Mweka hazina wa kikundi amekula michango? Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mwenyekiti wa mtaa hasikii? Ng'oa. Kwenye siasa sina ugomvi nao, ng'oeni mpaka mchoke. Lakini msemo wa mikutano ya hadhara tumeuchukua, tumeuingiza kinywani, tumeufanya tiba. Tiba yenyewe ndiyo pekee tunayoijua.

Nani alituambia?

Mbona hatusemi dawa ya jicho ni kung'oa? Ndala ikichomoka kamba unaishikiza kwa pini na unatembea nayo mwezi mzima. Sufuria likitoboka unalipeleka kwa fundi aweke kiraka. Baiskeli ikipata pancha hutupi tairi. Ila jino, jino ulilopewa mara moja tu, likiwa na tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, unalisubiri lioze, liume, halafu unakwenda kumlipa mtu alitupe kwenye ndoo!

Ndala tunaithamini kuliko jino. Nimesema.

Mimi la kwanza lilitoka nikiwa na miaka 23. Lilianza kama doa jeusi, dogo, juu ya gego la chini kushoto. Haliumi. Nikalinyamazia. Baada ya miezi nyuzi za muwa zikaanza kunasa. Nikawa natembea na njiti ya kiberiti mfukoni, kila baada ya kula nachokonoa. Haliumi. Tundu likakua mpaka njiti inazama, na mimi bado nachokonoa, tena mbele za watu, kwa madaha, kama mtu aliyeshiba nyama.

Kisha likaanza. Nikaweka karafuu. Karafuu si ushirikina, nisieleweke vibaya. Mafuta yake yana kitu kinaitwa eujenoli, kinatia ganzi kweli, na madaktari wa meno wenyewe wanakitumia kwenye dawa zao. Unguja na Pemba wameipa dunia kitu cha maana. Lakini karafuu inamnyamazisha mlinzi anayepiga filimbi, mwizi anabaki ndani anaendelea na kazi yake. Nikaweka karafuu wiki mbili. Nikameza vidonge vya maumivu kama njugu. Jirani akaniletea ugoro. Mwingine akanishauri maji ya betri, na naapa alikuwa ananitakia mema.

Usiku mmoja nikapiga kichwa ukutani mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Asubuhi nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Benchi limejaa watu walioshika mashavu. Nilipoingia, swali lilikuwa moja: "Lipi?" Nikaonyesha kwa kidole. Hakuna aliyeuliza limeanza lini. Hakuna aliyepiga picha. Sindano ya ganzi, dakika chache, koleo. Wanaojua wanajua mlio ule, unausikia ndani ya fuvu, kama bawaba ya mlango wa zamani inayong'olewa na misumari yake. Jino likadondoka kwenye kisahani cha bati: ting'. Mlio mdogo, kama sarafu ya shilingi hamsini.

Nikauma pamba, nikalipa, nikatoka nimefurahi.

Nimefurahi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko jino lenyewe. Nilitembea barabarani najiona nimepona.

Hakuna aliyeniambia kwamba jino haling'oki peke yake. Ukishatoa moja, jirani zake wanaanza kulalia lile pengo, kama nyumba iliyoondolewa nguzo ya katikati. La juu lililokuwa likikutana nalo linashuka taratibu kumtafuta mwenzake. Meno yanaachana, chakula kinanasa pasipofikiwa na mswaki, nayo yanaoza. Ndiyo hesabu yangu ilivyokwenda: moja, miaka ikapita, la pili, la tatu, la nne. Kila mara nikilipa. Kila mara nikishukuru.

Unasema utaweka la bandia? Weka. Bei yake utaulizia mwenyewe. Ila wazee wa Pwani walishasema: jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tunapolala usingizi wa pono.

Maumivu ya jino si mwanzo wa ugonjwa. Ni mwisho wake. Ganda la nje la jino, lile gumu jeupe, halina mshipa wa fahamu hata mmoja. Linaweza kuliwa mwaka, miaka miwili, na wewe usisikie lolote. Siku unayosikia maji baridi yanachoma, mwizi ameshavuka ukuta. Siku unayopiga kichwa ukutani, yuko chumbani.

Kwa hiyo yule anayejisifu "mimi jino langu haliumi, niende hospitali kufanya nini?" anajisifu nini hasa? Anajisifu kwamba mlinzi wake bado hajaamka.

Na mwizi mwenyewe tunamlisha wenyewe. Vijidudu wa kinywani wanaishi kwenye ule utando unaonata juu ya meno, ukoga. Ukila sukari nao wanakula, kisha wanatoa tindikali. Tindikali inalainisha ganda la jino kwa kama nusu saa, mpaka mate yaishinde nguvu. Sasa piga hesabu ya siku yako. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, na andazi. Saa nne chai nyingine. Mchana soda. Bodaboda wetu nao wana chupa zao za vinywaji vya kuongeza nguvu, wanaonja funda moja kila abiria anaposhuka, kuanzia saa tatu mpaka magharibi. Kila funda ni nusu saa mpya. Mate yatashinda saa ngapi? Bora angeikata chupa yote kwa mpigo akamaliza. Kibaya zaidi ni huko kuonja onja.

Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa mtu mzima kwa siku, na likasema ingekuwa chini ya 25 ingefaa zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inabeba kama gramu 35. Hujagusa chai. Hujagusa andazi. Na kwenye harusi zetu mtu anayeomba maji badala ya soda anaulizwa kama anaumwa.

Utaniambia: mimi napiga mswaki. Najua. Unapiga asubuhi, kabla ya chai. Unatoka umenukia dawa, unakunywa chai ya sukari, unakwenda zako mpaka kesho asubuhi.

Nikuulize bila kukutukana: ule mswaki unampigia nani?

Unawapigia watu. Unampigia bosi, abiria mwenzako kwenye daladala, binti wa pale dukani. Usiku hakuna atakayekunusa isipokuwa mwenzio aliyekuzoea, kwa hiyo unalala na pilau yako mdomoni. Wakati usiku ndio hatari. Ukilala mate yanapungua, mlango unabaki wazi, na ukoga una saa nane za kufanya karamu. Kama ungekuwa na nguvu za mswaki mmoja tu kwa siku, ningekuambia piga wa usiku. Lakini una nguvu za miwili, acha uvivu.

Na unapopiga, unapiga sekunde ngapi? Nimewahi kusimama nje bombani nikiwahesabia vijana wa nyumba tunayopanga. Sekunde kumi na tano. Mbele tu, kule kunakoonekana ukicheka, kwa nguvu kama unasugua sufuria lililoungua. Magego hayakuguswa. Kisha anasukutua maji vikombe viwili na kuimwaga floraidi yote ya dawa iliyokuwa ibaki ikilinda jino. Tema mapovu, basi. Usisukutue. Dakika mbili, polepole, mpaka nyuma, mpaka pale nyama inapokutana na jino. Kuna ugumu gani hapo?

Kitu cha bei nafuu namna hii ndicho kinachotushinda! Na asiye na hela ya dawa, mti wa mswaki upo, neno lenyewe tumelirithi kutoka huko. Mtume alihimiza mswaki kabla ya sala, karne kumi na nne zilizopita. Bibi zetu wa Pwani waliutafuna mpaka ncha ikawa brashi. Sisi tuna brashi za rangi sita kwenye kikombe, na kinywa kinanuka.

Halafu kuna hadithi ya fizi. Mtu anaona damu kwenye mswaki, anaogopa, anaacha kupiga upande ule. Ndugu yangu, damu inatoka kwa sababu upande ule haupigwi! Ukoga ukikaa, fizi inavimba. Ukiendelea kukaa unaganda na kuwa ugaga, mgumu kama chokaa ya birika, na hapo mswaki hauna uwezo tena, lazima ukwanguliwe na mtaalamu. Chini ya ugaga fizi inarudi nyuma, mfupa unaoshika jino unaliwa kimyakimya, na siku moja jino zima, jeupe, lisilo na tundu hata moja, linacheza kama kigingi kwenye mchanga. Mwenye kisukari anaumia mara mbili, maana sukari ikipanda fizi zinaharibika, na fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushuka.

Kuna wanaosema wakisafishwa meno yanalegea. Hayakulegezwa na kusafishwa. Yalikuwa yamelegea zamani, ugaga ndio uliokuwa umeyashikilia, kama ukuta wa udongo unaosimama kwa sababu kichuguu kimeuegemea.

Hapa niweke neno pembeni kwa ajili ya watu wa Arusha na Meru, maana wametaniwa vya kutosha. Ule ukahawia wa meno yao si uchafu. Ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya maeneo ya volkano, inayoingia kwenye jino la mtoto likiwa bado linaumbwa ndani ya taya. Hata apige mswaki mara kumi, hautoki. Binti anacheka na kiganja mdomoni maisha yake yote kwa kosa la kisima. Hilo mdai aliyechimba kisima, si yeye.

Tuje kwa watoto, maana huku ndiko ninakopandwa na hasira.

"Meno ya maziwa hayo, yatatoka tu." Umeshasema hivyo. Usikatae. Mtoto ana miaka minne, meno ya mbele yameliwa mpaka yamebaki vijiti vyeusi, kwa sababu kila usiku analazwa na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Akilia ukimpiga mswaki, unamwacha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Utalia, tena utalia saa nane usiku, na yeye analia pembeni yako.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka nikawa mtu mzima mwenye pengo. Mtoto akifika miaka sita hivi, gego la kudumu linaota nyuma kabisa, nyuma ya meno ya maziwa. Haling'oi jino lolote, linaota pale palipokuwa wazi. Kwa hiyo mzazi halioni, au akiliona anadhani ni la maziwa. Likitoboka anasema litatoka, litaota jingine. Halioti jingine. Hilo ndilo. Ni la miaka themanini, nalo liko kwenye kinywa cha mtoto wa miaka sita anayekula pipi na kupiga mswaki akijisikia.

Gego langu la kwanza, lile la ting', lilikuwa hilo. Chini kushoto. Liliota nikiwa darasa la kwanza, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba limekuja mgeni wa kudumu.

Mtoto chini ya miaka mitatu, dawa ya mswaki yenye floraidi ya ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia mitatu, punje ya njegere. Wewe ndiye unayeshika mswaki, si yeye, mpaka aweze kufunga kamba za viatu vyake vizuri. Basi.

Ila kuna kinachonikatisha tamaa kuliko chai ya chupa. Meno ya plastiki.

Umelisikia jambo hilo. Tangu miaka ya 1980 limetembea nchi hii, wengine wakiliita meno ya nailoni, na Uganda wana jina lao, ebinyo. Mtoto wa miezi mitano ana homa, anaharisha. Mtu anambinua mdomo, anaona kwenye fizi uvimbe mweupe mahali pa chonge. "Hayo ndiyo yanayomuua." Anaitwa mzee. Mzee anakuja na kiwembe, au njiti ya baiskeli iliyonolewa, na bila ganzi anachimbua kwenye fizi ya mtoto. Anatoa kitu laini, cheupe, anakuonyesha: plastiki hiyo!

Plastiki ya wapi? Hilo ni jino. Ni chonge la mtoto wako ambalo halijakomaa, lililokuwa likisubiri zamu yake ya kuota. Kila mtoto analo. Ukimchimbua mtoto mwenye afya kuliko wote mtaani, utalikuta. Jino changa ni laini kwa sababu bado linaumbwa.

Na kuharisha? Kuko palepale, maana dawa yake ni maji ya chumvichumvi na kliniki. Sasa umeongeza kidonda, damu iliyomwagika kwa mtoto asiye na damu ya kumwaga, na chuma chenye kutu kilichoingia mdomoni. Wengine wanakufa kwa upungufu wa damu. Wengine kwa pepopunda. Wanaopona, miaka kumi baadaye chonge la kudumu linaota limepinda, au halioti kabisa, maana mbegu yake iliumizwa na chuma kilekile.

Umeona msemo wetu ulikofika? Tunaanza kung'oa kabla jino halijaota.

Sasa tuwageukie wakubwa wa serikali, wasidhani nimewasahau.

Kuna njia ya kutibu jino lililotoboka bila mashine ya kukereza, bila umeme, mara nyingi bila hata sindano. Mtaalamu anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anaziba kwa saruji maalumu inayonata kwenye jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Unaweza kuifanya chini ya mwembe. Unaweza kuifanya darasani, mtoto amelala juu ya meza.

Unajua ilianzia wapi? Usiseme Ulaya. Ilianzia hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa watu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken akiwa miongoni mwao. Ilibuniwa kwa sababu vijijini kwetu hakukuwa na umeme na watu walikuwa wanang'olewa tu. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, mwaka ambao siku hiyo ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote. Mwaka 2021 saruji ile ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi. Dunia imejifunza kutoka kwenye mavumbi yetu.

Nenda leo kwenye kituo chako cha afya. Waambie, naomba mniwekee kiraka, kile kilichobuniwa kwetu. Kisha rudi uniambie walikujibu nini.

Ukuta mzima una mabango: malaria, chanjo, uzazi wa mpango. Yote sawa. La meno liko wapi? Kiti cha meno kimeharibika tangu mwaka juzi, taa yake haiwaki, vifaa vya kuziba "vimeagizwa". Koleo lipo. Koleo haliishi kamwe. Kwenye bajeti za nchi nyingi kinywa kinahesabiwa kama urembo, wakati shirika lilelile lilisema mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa. Karibu nusu ya wanadamu ni urembo?

Lakini nisiwasakame wao ukaona umepona. Vifaa haviletwi kwa sababu hakuna anayeviuliza. Mbunge wako umewahi kumwuliza kuhusu barabara, maji, umeme. Umewahi kumwuliza kiti cha meno? Tunakwenda tukiwa tumevimba, tunaomba koleo, tunapewa koleo, tunasema asante. Mwenye duka anauza kinachonunuliwa.

Na usidhani mwisho wa haya ni mahindi ya kupukuchua tu. Mtaani kwetu palikuwa na fundi seremala, mtu mzima mwenye nguvu, anabeba mbao za mninga begani peke yake. Gego la chini lilianza kumuuma, akalitia dawa ya kienyeji, akaendelea na oda ya kitanda cha watu. Siku ya nne shavu likavimba, ya tano uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ukatanda shingoni. Ulimi ukainuka, hawezi kumeza mate yake mwenyewe, anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Usaha wa gego la chini unajua njia: unapita chini ya ulimi, unateremka shingoni, unabana koo. Walimpakia kwenye bajaji saa tisa usiku. Hakufika.

Msibani watu walinong'ona kwamba amerogwa na fundi mwenzake. Mimi nilikaa pale nimeshika kahawa, naangalia kile kitanda ambacho hakikumalizika, najisemea: alikufa kwa jino. Mtu mzima wa kilo themanini. Jino.

Juzi nimempeleka binti yangu wa mwisho. Ana miaka tisa. Niliona doa jeusi juu ya gego lake la chini kushoto, mahali palepale pangu, nikahisi kidole gumba kinaniwasha. Kituo cha jirani muuguzi akachungulia kwa tochi ya simu. "Kuziba hatuna vifaa, baba. Linamuuma?"

"Hapana."

"Basi mwache. Likianza kuuma umlete."

Sikumjibu vizuri, na sitasema nilimjibu nini kwa sababu mtoto alikuwepo. Tukapanda daladala mbili mpaka hospitali kubwa. Kijana daktari akachukua kijiti cha chuma chenye ncha kama kijiko cha sisimizi, akakwangua taratibu, unga wa kahawia ukatoka. Hakuna sindano. Binti anatazama dari. Akakoroga saruji, akaijaza, akaibonyeza kwa kidole chenye glavu, akamwambia asile kwa saa moja. Haikufika dakika ishirini.

Tulikaa nje kusubiri risiti. Benchi refu, watu kumi na mmoja, nimewahesabu, wote wameshika mashavu. Mzee mmoja wa kofia ya kiua akanitazama shavu langu, akatazama la mtoto, hakuona uvimbe.

"Mtoto ameng'olewa lipi?"

"Hajang'olewa, mzee wangu. Amezibwa."

"Lilikuwa linamuuma sana?"

"Halikuwa linauma."

Akanyamaza, ameshika shavu, ananiangalia kama ninayemficha jambo.

"Haliumi," akasema. "Sasa mmekuja kufanya nini?"